Mstari Mweusi Uliokatika

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, lakini chumba cha mwisho cha korido hii ya hospitali kina giza totoro. Hakina dirisha. Mwanga pekee unatoka kwenye skrini ya mashine ya ultrasound, na ndani yake mdomo wa mtoto unajikunja na kujikunjua polepole, bila sauti.

"Fanya kama unapiga mluzi, mwanangu," anasema mtaalamu wa picha, kipimo kikiwa juu ya mdomo wa binti wa miaka minne. "Haya. Tena."

Kwenye skrini mstari mweusi unasogea. Huo ndio msuli unaouzunguka mdomo. Kulia umekamilika. Kushoto unafika chini ya pua, unakatika, halafu unaendelea mbele.

"Bibi, yule ni nani?" mtoto anauliza, macho kwenye skrini. Bibi yake, aliyeketi kando ya kitanda, anamrekebishia kola.

Mtaalamu huyo hospitalini wanamwita Mama Giza, maana hawashi taa mpaka mgonjwa ashuke kitandani. Ana miaka arobaini na miwili, na kumi na tatu kati ya hiyo imeishia humu. Huwapima watoto wenye mdomo sungura ule mdogo, wa kufichika: mdomo haujaachana, una mfereji mwembamba tu, ungedhani kovu la zamani. Daktari wa upasuaji humtegemea yeye kujua kama msuli wa ndani umeungana.

"Na karibu wote huja na neno lilelile," anasema. "Alianguka. Kila familia na ngazi yake, kila familia na jiwe lake. Siku hizi nikilisikia napima mara mbili."

Ana sababu. Mwenyewe ana mfereji kama huo. Tangu apate akili ameambiwa kwamba dada yake, akiwa na miaka saba, alimbeba mgongoni akamwangusha kwenye kizingiti. Dada alichapwa, akasamehewa, lakini nani alisahau? Kwenye kila shughuli hakosekani wa kutania: "Huyo msimpe mtoto, atatugawia vipande." Watu wanacheka. Dada naye anacheka.

"Wanawe watatu wote aliwanyonyesha ameketi sakafuni," anasema Mama Giza. "Sisi tukadhani ndiyo raha yake."

Mwezi uliopita, adhuhuri, umeme ulikatika. Skrini ikawa nyeusi; akafungua mlango, na kwa mwanga wa korido akauona humo mdomo wake unamtazama. Umeme uliporudi alifunga mlango, akajipaka jeli, akajiwekea kipimo, akakunja midomo kama apigaye mluzi.

Mstari ulifika chini ya pua, ukakatika.

"Mashine inavuma. Najiona nimetulia kabisa, lakini ule mdomo kwenye skrini unatetemeka. Niliogopa, sikufichi."

Daktari aliitazama picha, akampima, akasema hakuna dalili ya jeraha. Alizaliwa hivyo.

Mama Giza alipomuuliza mama yao, mama alipangusa meza iliyokuwa safi. "Watu walikuwa wananiuliza nimetenda nini mpaka nikazaa hivyo," alisema. "Nikasema dada yako alikuangusha, nikaona mtoto wa miaka saba atasahau."

"Hakusahau, mama."

Chumbani, bibi wa yule binti anakohoa. "Huyu alianguka kwenye ngazi. Mama yake alikuwa amezama kwenye simu." Mama mwenyewe amesimama mlangoni, kichwa chini.

Mama Giza anaweka kidole kwenye skrini. "Daktari atathibitisha, bibi, lakini ninavyoona mimi, hakuanguka. Ndivyo alivyoumbwa, na hapa panaweza kuungwa."

Mlangoni, mama wa mtoto anachuchumaa, anajifunika uso kwa mikono miwili.

Jumamosi dada yake Mama Giza anakuja. Ameambiwa aje kumsindikiza mgonjwa, basi.

"Kipimo atashika yeye, juu ya mdomo wangu," anasema Mama Giza. "Nataka mkono wake mwenyewe ulione pengo. Binti yangu amejifungua wiki tatu sasa, nimemwambia amlete mjukuu."

Pembeni ya mashine, gizani, kuna kiti kirefu chenye mikono. Amekileta mwenyewe kutoka nyumbani.

"Hapo ndipo dada atampakata mjukuu. Juu, siyo sakafuni."