Nauli ya Kurudi

Karani wa safari za matibabu pale Kisauni huilowesha penseli kwa ulimi kabla ya kila tarakimu, na sauti yake ni ya chini, mithili ya asomaye uradi. Mwanasaumu, aliyekusudia kumpeleka babake hospitali Chennai, aliitazama mikono ile mikavu ikikadiria matumizi ya kila siku: chumba, wali, teksi, mkalimani, vyote vya watu wawili. Kwenye nauli ya kurudi, penseli ilisita, ikaandika mtu mmoja.

“Na ya baba, ami?”

“Hiyo, mwanangu, huwa twaikata kukohuko, hali ikishajulikana.”

“Iandike.”

“Inshallah,” akasema, akaiandika. Kisha, kwa sauti ileile, akamtajia makato ya kurudisha tikiti isiyotumika.