Mzee Aliyeniteka kwa Mkono

Cheka tu, lakini mimi nimewahi kutekwa hapa Kilburn, ughaibuni, saa mbili asubuhi, na mzee wa miaka themanini na moja aliyevaa soksi za rangi mbili.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mzee Ian alikuwa mwalimu wa lugha za kale za Ulaya Kaskazini. Alishapigwa kiharusi kidogo, na daktari akaonya: kingine kikija, kikichelewa kujulikana, basi.

Nyumba yake mapazia hayafunguliwi. Waliokuja kabla yangu walikimbia.

Siku ya kwanza nikampa mkono. Mimi nimelelewa Kisii, siwezi kuingia kwa mzee bila kumpa mkono.

Akaung'ang'ania.

"Kijana, unajua neno la Kiingereza hand limetoka wapi?"

"Mfukoni, Mzee."

Hakucheka. "Hakuna mwenye hakika. Wagothi walisema handus. Baadhi yetu hudhani lilizaliwa na kitenzi cha kuteka watu. Mkono ni mtekaji."

Akaminya mpaka nikauma meno.

"Nimekuteka."

Kila asubuhi ikawa hivyo. Macho yake hayakubanduka usoni mwangu, kama mtu anayesubiri jibu.

Nikamshtakia msimamizi wangu, Placida.

"Wee Tevin, nani alikutuma kumpa mkono? Vaa glavu, jaza fomu, toka!"

Nusura nimtii.

Jumanne moja nikatoa mkono.

"Nimekuteka," akasema. Sauti ileile. Tabasamu lilelile.

Vidole havikufunga. Vililala kiganjani mwangu kama soksi mbichi.

"Mzee, minya."

"Si nimeminya?"

Alikuwa anaamini kabisa.

Nikakumbuka onyo la daktari. Nikaita ambulensi. Placida akapiga akifoka kwamba mteja mwingine ananisubiri. Nikakata simu.

Madaktari wakamuwahi.

Nilipokwenda kumchukulia nguo za kuvaa hospitalini, nikaona kadi mezani. Juu imeandikwa "hand". Nyuma, tarehe ya kila asubuhi niliyofika, na kando ya kila moja: "Bado ninateka." "Bado ninateka." "Bado ninateka."

Na juu ya tarehe zote, mstari mmoja wa kabla sijaanza kazi:

"Hakuna anayenigusa tena bila glavu. Nitajuaje?"

Nilikaa chini. Utani wote ulinitoka.

Siku hizi hunisalimu kwa mkono wa kushoto. Huo unauma hata zaidi.

Wewe unayewatumia wazazi kijikono cha njano kwenye simu kila Jumapili, nenda ukawape wa kweli.

Usiwaulize kama wako sawa. Watasema ndiyo.

Waambie waminye.