Zamu Yangu ya Birika

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, niliyoikumbuka tena jana uliponipigia simu kutoka Dar es Salaam. Uliniambia wamekupokea klabuni, nikafurahi. Kisha ukaongeza kwamba zamu yako ya kahawa utamtafuta mtu akushikie, maana ofisini una kazi nyingi. Nikakata simu, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika.

Klabu hiyo ilianzishwa na wapagazi wa bandarini, watu wetu wa Mafia waliofika mjini hawana hata pa kutandika mkeka. Walipanga chumba kimoja Kariakoo. Nilipoingia mimi, kijana wa kijiji cha Kanga niliyepata ukarani, palikuwa na ukumbi, mlango una kufuli, na mtu hakuwa mwanachama mpaka wawili wamdhamini. Vyeo navyo tulikuwa navyo! Mwenyekiti, Katibu, hata Mshika Bendera, na bendera yenyewe sikuwahi kuiona. Lakini sharti moja halikujali cheo: kila Ijumaa mmoja wetu alifungua mlango mapema, akawasha jiko, akawamiminia wenzake kahawa. Mzee Shomari, Mwenyekiti wetu, naye alishika birika zamu yake ilipofika.

Mimi nikaona haya. Karani mzima, shati jeupe, niinamie vikombe? Kichwa cha kuku hakistahimili kilemba. Nikampa ufunguo muuza kahawa wa mtaani anishikie zamu, nikaenda zangu kutazama mpira.

Wenzangu hawajafika bado, baharia kutoka Kilindoni, bandari yetu ya Mafia, akapita klabuni. Chombo chake kilikuwa kinaondoka, hakuweza kungoja. Akamwachia maneno yule muuza kahawa: "Mwambie Bakari wa Kanga mama yake hajiwezi. Aje upesi."

Bakari ndiye mimi. Yule muuza kahawa akangoja amsikie Bakari akiitwa, lakini jioni nzima akasikia Mwenyekiti, Katibu, Mshika Bendera. Akaona haya kuwakatiza wakubwa. Mimi mwenyewe alinijua kwa jina la Bwana Karani tu, na ndivyo nilivyomzoesha.

Ijumaa ya pili akarudi kwa hiari yake, akamwuliza Mzee Shomari, "Samahani mzee, Bakari wa Kanga ndiye nani hapa?"

Mzee akanifikishia habari, nikapanda chombo cha kwanza. Nilipofika Kanga mama alikuwa ameshazikwa, siku ya pili hiyo. Dada yangu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kila aliyetoka Kilindoni, mama alikuwa akimwuliza kama umeshuka." Nililia, mwanangu.

Niliporudi mjini Mzee Shomari alinipa mkono wa pole, tukasoma fatiha. Nilingoja karipio, halikuja. Ijumaa iliyofuata akalisogeza birika mbele yangu.

"Bakari, zamu yako ya siku ile bado hujaishika."

"Nimekosa, mzee wangu."

"Najua. Waliotutangulia hawakuiweka zamu hii kwa ajili ya kahawa. Kahawa inauzwa kila kona. Waliiweka ili mtu akitoka nyumbani, amkute mlangoni anayetujua sisi na mama zetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wako alikuja, mwenyeji hukuwepo."

Nikamimina. Kahawa ikamwagikia shati lile jeupe, na hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo nikawaomba wote waniite Bakari.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimezeeka naye. Utasema siku hizi habari zinakuja kwa simu, birika la nini? Sawa. Lakini kesho atashuka mtu wa Ndagoni, kule kwetu Mafia, amemleta mgonjwa wake hospitali, simu imezima, hajui mtaa hata mmoja, ameambiwa tu pana mlango wa watu wa kwao. Atamkuta nani? Kwa hiyo nakuambia: kazi nyingine mpe mwenzio akusaidie, ila ya kupokea watu wako ishike mwenyewe. Wahi kufungua. Mtu akikuuliza wewe nani, anza na jina alilokupa mama yako, cheo kitafuata.

Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyokutenga na watu wako, na kila atakayetoka nyumbani kukutafuta, akukute.