Mzabibu Mzee wa Ombui

Mwaka 1968 nilifika kijiji cha Ikonge nikiwa na chupa ya divai nyekundu mkobani, nimeivika soksi isivunjike. Nilipewa na mkulima wa Uhispania aliyenisifia zabibu zake za Grenache mpaka nikaachwa na basi. Nilikusudia kuinywa peke yangu. Kosa langu lilikuwa kumwonyesha mwenyeji wangu, Ombui.

Ombui alikuwa mkulima wa chai, mzee ambaye magoti yake yalilia kuliko kiti alichokalia. Duniani alikuwa na haja moja tu: Nyanchera. Mume wa Nyanchera alikuwa amefariki, na kwa desturi ya huko mjane humchagua mwenyewe mmoja katika jamaa ya marehemu wa kumrithi. Walikuwepo wawili: Ombui, na binamu yake Nyangau, ambaye bado alikuwa na meno yote na aliyaonyesha bila kuombwa.

Alasiri ile tulikuwa kwa Nyanchera, mpishi wa busaa, pombe ya wimbi, tumezunguka chungu na mirija mirefu mikononi. Busaa ilipokwisha, Ombui akasimama.

"Shemeji, mgeni wangu ameleta pombe ya Ulaya!"

Kabla sijafumbua kinywa, alikuwa amesukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko na kumimina chupa nzima chunguni.

"Ngoja!" nikalia. "Hiyo hunywewa kwa glasi! Unainusa kwanza!"

"Kunusa ni kazi ya mbwa," akasema Nyanchera, akaongeza maji ya moto, kama afanyavyo kwa busaa.

Tukavuta. Mkulima aliniahidi matunda mekundu, pilipili, na mawe yaliyochomwa na jua. Mrija wangu ulinipa uji wa wimbi.

"Inakausha ulimi," Nyangau akalalamika. "Imepikwa kwa matunda gani?"

Nikaeleza kwamba ni zabibu, na kwamba mizabibu ya yule mkulima ni mizee, imepita miaka themanini, imepinda vibaya; huzaa vishada vichache, lakini vitamu kuliko vya michanga.

Ombui akauachia mrija. "Rudia hapo, mgeni. Polepole."

Nikarudia.

"Shemeji, umesikia? Themanini, na bado inazaa!"

"Vichache," Nyangau akamkumbusha.

"Vitamu!"

Nyanchera akavuta tena, macho ameyafumba.

"Mwanzoni imekaza kama ngozi," mwanamke akasema hatimaye. "Ikipata moto, inalegea. Inavumilika." Akamtazama Ombui kuanzia kofia mpaka magotini. "Mzee, maji yamekwisha. Chukua mtungi, teremka chemchemini."

Nyangau akacheka mpaka akapaliwa. Mwanamume mzima, na mtungi! Ombui alikwisha kuubeba, anateremka huku magoti yakiimba, wala hageuki nyuma.

Kicheko kikakatika ghafla. Nyangau akainuka. "Shemeji, hata mimi naweza kuchota maji."

"Wewe ni mgeni hapa," Nyanchera akamjibu. "Mgeni hatumwi. Kaa, unywe."