Wageni Bado Wapo?

Jioni moja imekataa kunitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa miaka ya sitini, kwetu Ndhiwa, nami nilikuwa msichana wa kupeleka chakula na kurudisha vyombo. Kaka yangu Odera alikuwa amerudi kutoka kazini Homa Bay akiwa mgonjwa wa akili. Alicheka peke yake, akajibizana na watu tusiowaona. Majirani walimwita janeko, mwendawazimu, tena akiwasikia.

Siku zile wanaume wote wa boma walikula pamoja jioni katika duol, nyumba ndogo ya baba. Odera alikuwa na mahali pake pale, karibu na mlango. Baba alipoanza kumwonea aibu, alimwambia, "Leo kuna wageni. Kaa kwako, utaitwa." Akampelekea sigara ili atulie. Kesho yake, sigara tena. Mimi ndiye niliyezipeleka pamoja na ugali. Ugali ulirudi, sigara hazikurudi. Nyumba yake ilijaa moshi mpaka nikatokwa machozi, na kila nikiingia aliniuliza swali lile lile.

"Dada, wageni bado wapo?"

"Bado," nilijibu, kama nilivyoagizwa na baba. Hakukuwa na mgeni yeyote.

Jioni hiyo ninayokuambia, nyanya alikuwa nyuma yangu. Naye alikuwa mvutaji, tena kwa mtindo wa bibi za kwetu, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo, kwa hiyo hakuna aliyetegemea aseme lolote juu ya sigara. Alilisikia swali, akalisikia na jibu. Akaitoa yake mdomoni, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa duol, wanaume wakinawa mikono.

"Wuoda," alimwita baba, mwanawe wa kumzaa, "mimi navuta kwa kupenda. Huyu unamvutisha ili asikuaibishe. Ni wageni gani hawa wasioenda kwao?"

Baba aliinuka. Akatoka mwenyewe, akaita kwa sauti, "Odera! Njoo tule!"

Odera alikuja, akasimama mlangoni, akapatazama mahali pake. "Wameenda?"

"Wameenda," baba alisema.

Odera akazima sigara, akanawa, akala mpaka akashiba.

Sitakudanganya kwamba aliacha. Sigara ilikuwa imeshamshika, na kifua ndicho kilichomuua angali kijana. Lakini jioni alizoitwa alivuta kidogo, hilo nililiona kwa macho yangu. Kifo chake nilikilia nikamaliza. Upweke wake katika moshi ule unaniuma mpaka leo.

Basi mwanangu, ukiwa na ndugu anayeugua akili, usimpe sigara ili akuondokee. Mpeleke hospitali, keti naye, na chakula kikiiva mwite, hata kama wageni wapo kweli. Mungu akutunze. Na ikiwa siku moja wewe ndiye utakayeugua, akupe mtu wa kutoka nje na kuliita jina lako.