Suruali ya Yosefu na Mtumbwi Usio na Maji

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka 1975, nilipoteza suruali ya marehemu kaka yangu mbele ya soko zima la Nateete, Kampala, nikabaki na shimizi, na shimizi yenyewe ilikuwa na kiraka nyuma. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee.

Kaka yangu Yosefu alichukuliwa na wanajeshi kazini kwake, akatiwa kwenye buti ya gari, na tulipokwenda kuuliza tukaambiwa amekimbilia Kenya, tena tusirudi kuuliza. Basi mtu aliyekimbilia Kenya haliliwi. Ukimlilia umeshasema kwamba wamemuua. Kwa hiyo nyumbani hatukuweka matanga, majirani wakapita mlangoni wakitusalimia kama kawaida, na mkewe, wifi yangu Eseza, akaendelea kuvaa nguo zake za maua na kupaka mafuta mikono kila asubuhi. Lakini tulisikia (nani Kampala hakusikia?) kwamba waliochukuliwa siku ile walitupwa mtoni, kule Jinja.

Ndipo tukapanga safari ya mtumbwi. Tungepanda basi mpaka Jinja na vikapu vya mihogo, kama watu wa matembezi, tuingie mtumbwini chini ya maporomoko, mto utuchukue polepole katikati ya miti yake mizuri mpaka mahali pasipo na masikio ya watu, tumlilie Yosefu wetu vizuri, halafu turudi. Mjomba Kezekia, ndugu wa mama yetu, alimpata mvuvi wa kutuazima mtumbwi, ila mvuvi akasema, "Makasia mtapiga wenyewe. Mimi upande ule siendi." Na sisi hatukujua kupiga kasia. Mjomba akasema yeye anajua (baadaye alikiri kwamba alipanda mtumbwi mara moja tu, utotoni, tena amelala juu ya magunia).

Basi Jumamosi ile, ili tujifunze, mjomba akapindua benchi uani, miguu juu, tukaketi katikati, mmoja nyuma ya mwingine, nami nilikuwa nimeazima miiko mitatu mikubwa shuleni ninapopika posho, yaani ugali, ile ambayo mtu asiyejua posho ya watoto mia ataapa ni makasia. Tatizo likawa gomesi yangu, vazi letu refu la wanawake. Ile nguo ukiivaa na mshipi wake wote, kisha utanue miguu kwenye benchi, inakuvuta mpaka shingo. Nikaingia ndani nikavaa suruali ya Yosefu. Nilijua wanawake tumekatazwa suruali na serikali, lakini nikajiambia niko uani kwangu, ni kwa muda mfupi, nani ataniona? (Ua wetu wa mabua ulikuwa umeangushwa na mvua upande wa barabara, na ng'ambo ya barabara ndiyo soko. Hilo sikuliwaza.)

"Vuta! Rudisha! Eseza, unatuzamisha!" mjomba akapiga kelele, Eseza akacheka, nami nikacheka, tukavuta kwa nguvu mpaka benchi likasogea kweli, na nilipoinua kichwa nikamwona mwanajeshi kwenye lile pengo la ua, bunduki begani, muwa mdomoni.

"Nyinyi nafanya nini?"

"Tunajifunza mtumbwi, afande," mjomba akasema.

"Mutumbwi iko wapi?"

Mjomba akaonyesha benchi.

"Na maji?"

"Maji iko Jinja, afande."

Akatafuna muwa wake. "Mzee, nachezea mimi? Nani nafundisha nyinyi vita?"

"Ni pikiniki," Eseza akasema.

"Pikiniki!" Kisha macho yake yakashuka mpaka miguuni kwangu. "Toka. Toka na meli yenu."

Tukabeba benchi mpaka mbele ya soko, tukaketi, akatuamuru tupige makasia, tukapiga vumbini mbele ya mafungu ya nyanya na watu wote wale. Mchukuzi mmoja alitua mkungu wake wa matooke ili acheke kwa raha. "Nahodha, mpaka Entebbe nauli gani?" "Mama nyabo, kata kulia, kuna kiboko!" mwingine akaita. Muuza nyanya mmoja, mwanamke mnene, alicheka mpaka akashika mbavu. Isingekuwa mimi, hata mimi ningecheka.

"Wewe," mwanajeshi akasema. "Suruali ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Iko wapi yeye?"

Jibu la Kenya lilikuwa tayari mdomoni, nilikuwa nimelizoea, na mjomba alinichoma kiunoni na mwiko ili niliseme upesi. Halikutoka. Nilikuwa nimevaa suruali ya mtu, na goti lake bado lina doa la oili, ningesemaje yuko Kenya?

"Amekufa," nikasema. "Mlimchukua nyinyi, akafa."

Kicheko kikakatika soko zima.

"Vua."

Nikavua. Sikuomba, sikulia. Akaikunja suruali akaitia kwapani, nami sikukimbilia nyumbani; niliketi pale pale chini, nikakunja miguu kando, kama wanawake tunavyoketi kwenye nyumba ya msiba. Eseza akaja akaketi. Halafu yule muuza nyanya akaacha nyanya zake, akanifunika miguu na leso yake ya kujifunga, akaketi. Akaja mwingine, na mwingine.

"Sasa nyinyi nafanya nini?"

"Tumechoka, afande," muuza nyanya akasema bila kuinua uso. "Tunakaa."

"Soko yote nachoka?"

"Yote, afande. Jua kali."

Alitazama barabarani kama anayetafuta wenzake, hawakuwepo, akatema makapi ya muwa, akaondoka na suruali. Kwa nini hakutukamata sijui mpaka leo.

Nimeapa kwamba sitaketi tena kwenye benchi lililopinduliwa, na mjomba hatanifundisha tena jambo lolote la maji. Kwa lile nililojibu sijaapa kitu. Nikiulizwa tena nitasema vilevile. Jinja hatukwenda.

Siku ile, mwanajeshi alipokwisha kuondoka, muuza nyanya aliniinamia akauliza, "Jina lake?"

"Yosefu."

Akamgeukia wa kando yake, "Yosefu," na yule akamwambia mwenzake, jina likaenda hivyo mpaka kwa mwanamke wa mwisho kule kwenye mihogo, nisiyemjua hata leo, naye akashika kichwa chake kwa mikono miwili akaanza kumlilia kwa sauti. Eseza akamwitikia.