Namba Moja wa Kwa Nani

Mke wangu alipofariki, nilirudi kazini mapema kuliko ilivyopasa. Kazi yenyewe ni kuangalia kompyuta moja kubwa katika duka la vifaa vya ofisi, Kibiti. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nimejifunza kwa kuharibu.

Kompyuta ile imegawanywa makontena. Kontena ni kama chumba cha kupanga: programu iliyomo huona kuta zake tu, ikadhani nyumba nzima ni yake. Ndani ya chumba unaweza kujenga chumba kingine, na ndani ya hicho kingine tena. Kila chumba, programu ya kwanza kuamka hupewa namba moja. Basi nyumba imejaa namba moja, na kila mmoja anajiona mwenye nyumba.

Binti mmoja alipanga kontena kwetu, akaweka humo ratiba ya mashua ya kliniki ya visiwani. Ratiba ikawa inafutika kila Alhamisi adhuhuri. Mara mbili aliiandika upya. Waliomwajiri wakasema anazembea. Ikifutika mara ya tatu, aende kwao.

"Mjomba, mimi sijafuta kitu," aliniambia, macho mekundu. "Nitafutie aliyefuta."

Nilifungua daftari la ukaguzi, ambamo kompyuta huandika nani kafanya nini. Lilisema: namba moja amefuta.

"Namba moja yupi?"

"Hapo ndipo penye kazi."

Fundi wa printa, ambaye ni mtani wangu wa kikabila na ana ruhusa ya kunisema hata msibani, alidakia: "Ndivyo mlivyo nyie! Kuku akiibwa mnasema kaiba mtu mwenye miguu miwili."

Nikaanza kutengeneza daftari jipya. Kwanza nilikipa kila chumba daftari lake ndani. Nilipofuta chumba kimoja kwa majaribio, daftari nalo likaenda; shahidi kazikwa na kesi yake. Mara ya pili niliamuru kila kinachoandikwa kwenye kompyuta kirekodiwe. Daftari likarekodi kwamba limeandika, kisha likarekodi kwamba limerekodi. Haijaadhiniwa adhuhuri, diski imejaa na duka zima limesimama.

"Bwana wee," tajiri wangu, mwenye duka, alisema, "nilitaka ukamate mwizi, si uzibe barabara."

Jibu nililipata Mohoro, kwenye hitima ya mke wangu. Shangazi yake alikuwa mlangoni akimhoji mama aliyeleta sufuria.

"Wewe wa kwa nani?"

"Wa kwa fundi cherehani."

"Fundi wa wapi?"

"Wa Mtawanya."

"Mtawanya upande gani?"

Hakumwachia mpaka maswali yalipofika kwenye barabara ya kwao. Nikacheka na pilau mdomoni, mara ya kwanza tangu maziko. Watu wakadhani majonzi yamenipanda kichwani, wakaniletea maji.

Nikalihamishia daftari nje ya vyumba vyote, mikononi mwa kiini cha mfumo kinachoona nyumba nzima. Kila tendo liandikwe na ukoo wake: chumba gani, ndani ya kipi, na aliyekijenga nani.

Alhamisi ya tatu tulikaa wote mbele ya skrini. Ratiba ikafutika. Daftari likasema: kompyuta ya duka, ndani yake kontena la mashua, ndani yake kontena dogo, humo, namba moja. Aliyelijenga kontena dogo: mimi.

Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimejifungia chumbani na laptopu, kwa kuwa sikuweza kupokea pole nyingine. Nikaandika programu ya kufagia mafaili yangu ya zamani kila Alhamisi, nikaijengea kontena dogo lenye mlango wa kuyafikia mafaili ya nje, bila kutazama kwamba nimo ndani ya chumba cha binti wa watu.

Nilifikiria kuzima skrini. Nakiri.

"Ni mimi," nikasema.

"Polisi kajikamata!" alisema mtani.

Nilichapa mstari ule, nikaupeleka mwenyewe kwa waajiri wa binti. Walimbakisha, kwa sharti kwamba niwapigie simu wagonjwa wa visiwani kuwaomba radhi. Wa kwanza kupokea alikuwa bibi mmoja.

"Nimekaa gatini na mjukuu mpaka maji yamekupwa. Wewe ndiye uliyefuta?"

"Ni mimi, bibi."

"Ulikuwa na wazimu gani?"

Nikamweleza yote, pamoja na msiba.

"Pole, baba. Mungu amrehemu. Haya, kliniki lini?"

Nikamsomea. Akaniamuru nisome tena polepole, anatafuta kalamu.